Popo Kulia, Mnandi Kushoto

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Daftari hili limeanzishwa na ubishi. Naitwa Pontien. Nilikuwa moniteri wa kilimo Kinyinya, Burundi, kwa miaka kumi na tisa, nikivaa kofia ya serikali, wakulima wakinisubiri ukingoni mwa mashamba yao ili niwaambie la kufanya. Leo nina kipande cha mita thelathini kwa thelathini hapa Juru, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, na udongo wake umechoka kuliko mimi. Tangu Mei mimi na mke wangu Clémence tumeondolewa kwenye orodha ya chakula. Tutakula kitakachoota.

Asubuhi alikuja Benitha, afisa wa kilimo kutoka shirika moja la Mbarara. Alisema baada ya mavuno kila kijiji kitapata mkulima mmoja wa kufundisha wenzake. Nikasimama nikasema mimi nitatumia mavi ya popo wa kwenye dari la kanisa. Jirani yangu Byamungu akacheka mbele ya watu wote. Byamungu ni Mkongo wa Baraka, kando ya Ziwa Tanganyika. Hadi siku aliyokimbia alikuwa mvuvi. Jembe amelijulia hapa hapa.

"Moniteri, ya popo iko na moto mingi, itakupa majani," alisema. "Kama unataka maharagi, enda ku ziwa, fasi ile ndege mweusi analala, mnandi. Mavi ya mnandi njo inaleta matunda. Kwetu bamama balikuwa banalima pale."

Nikamwambia mvuvi afundishe kuvua. Watu wakacheka upande wangu.

Benitha akatuamulia. Shamba langu ligawanywe kwa kamba: kulia popo, kushoto mnandi, mbegu moja, siku moja. Na mimi niandike kila kitu, kwa Kiswahili, ili naye aweze kusoma. Kiswahili ninacho, nilikipata Tanzania, Kibondo, katika ukimbizi wangu wa kwanza. Clémence hakuwa nami wakati ule. Yeye ana Kirundi, na maneno machache ya sokoni.

Alhamisi, 11 Septemba

Tumekwenda ziwani na Byamungu, baiskeli mbili, saa moja na nusu kwenda tu.

Minandi wamejaa kwenye miti iliyokufa kando ya maji. Ni ndege mweusi, shingo ndefu, ncha ya mdomo imepinda kama ndoana. Huzamia, huibuka na samaki, kisha husimama muda mrefu amefungua mabawa kama mtu aliyeanika koti, kwa sababu manyoya yake hulowa. Hiyo ni kasoro ya ajabu kwa kiumbe anayekula majini. Chini ya miti kila kitu ni cheupe na kinanuka samaki aliyeoza. Ukivunja bonge unaona miiba na magamba. Tulikwangua magunia manne. Byamungu alifanya kazi huku akipiga mluzi, kama yuko kwao.

Jumamosi, 13 Septemba

Katekista Jean-de-Dieu alitufungulia kanisa asubuhi. Amefurahi, harufu ya darini huwashukia watu wakati wa misa.

Popo hawa ni wadogo, wa kahawia, mkia umechomoza nyuma kama wa panya. Hula wadudu. Mavi yao ni makavu, punje kama za mchele mweusi, na ukizisaga kidoleni zinametameta kwa mabawa ya wadudu. Hayana maji, na yako hatua mia mbili kutoka shambani. Mwenye akili hahitaji baiskeli.

Tundu la dari ni dogo. Mabega yangu hayakupita. Clémence ni mwembamba.

"Kwa nini asipande Byamungu?" aliuliza.

"Byamungu ni mtu wa ndege."

Alinitazama, akafunga kitenge puani, akapanda. Benitha alikuwa ametuachia barakoa mbili. Moja ilikatika kamba. Nyingine niliivaa mimi, kwa kuwa nilisimama chini ya tundu nikipokea magunia, na vumbi lote lilikuwa likinimwagikia.

Tumetoa magunia matatu.

Jumatatu, 15 Septemba

Magunia mawili.

Jumanne, 16 Septemba

Mawili ya mwisho. Clémence alishuka akiwa wa kijivu tangu nywele hadi vidole, kope zimeshikana. Alitema mate meusi. Jean-de-Dieu alimletea maji ya kunawa. Jumla magunia saba. Yanatosha.

Jumamosi, 20 Septemba

Tumepanda. Shubiri moja kati ya shimo na shimo, mbegu mbili kila shimo, mbolea konzi moja. Kulia popo, kushoto mnandi. Kamba nimeifunga kwenye vigingi mwenyewe.

Jumamosi, 27 Septemba

Mvua ya kwanza ya maana. Pande zote mbili yameota. Clémence anakohoa. Ni baridi ya mvua.

Jumanne, 30 Septemba

Clémence amekwenda kituo cha afya. Malaria hakuna. Wamempa vidonge vya kikohozi.

Upande wa kushoto mashimo kumi na moja yameungua. Mavi ya ndege yalikuwa mabichi mno. Nilimwita Byamungu aje aone. Aliinama, akatazama, akasema, "Itapona."

Jumapili, 5 Oktoba

Mvua. Clémence hakwenda misa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimesimama nje ya kanisa jioni kuwatazama popo wakitoka. Humiminika kwenye ukingo wa bati, wengi kwa mara moja, bila kugongana. Wakati huo huo minandi wanarudi kwenye miti yao kule ziwani, wameshiba, na kazi yao imekwisha. Popo ndiyo kwanza wanaanza. Mnyama anayefanya kazi na asiyetaka kutazamwa, huyo namwelewa. Ndege anayesimama na mabawa wazi ili watu wampige picha, simwelewi.

Jumanne, 14 Oktoba

Popo: urefu shubiri mbili, majani ya kijani kibichi kilichokolea. Mnandi: shubiri moja na vidole vitatu, majani membamba. Nimepalilia peke yangu. Clémence anakohoa akiinama, basi nimemwambia akae.

Jumatatu, 20 Oktoba

Kituo cha afya tena. Vidonge vingine, vyekundu. Usiku Clémence hutoka jasho hadi mkeka unalowa.

Anne, mke wa Byamungu, alileta uji wa mtama na kuniuliza mlangoni:

"Baba Élyse, huyu mama atakohoa mpaka lini? Mumupeleke Mbarara."

Hapa wanatuita kwa jina la binti yetu Élyse, ingawa Élyse yuko Kampala na mumewe na hatumwoni. Nilimjibu Anne kwamba mke wangu ana mume. Alinipa bakuli akaondoka.

Jumamosi, 25 Oktoba

Siku kubwa. Benitha amekuja na wakulima sita kutoka Rugaaga kutazama. Upande wa popo umefika pajani mwangu. Majani ni mapana kama viganja, huoni udongo chini. Upande wa mnandi ni mfupi na wa kawaida. Niliwaeleza kuhusu naitrojeni kama nilivyokuwa nikieleza Kinyinya. Mmoja aliandika. Benitha alinipiga picha nimesimama katikati ya majani.

"Mzee, naona kijiji hiki kimepata mwalimu," alisema.

Byamungu alikuwa nyuma ya wote. Aliwauliza wale wageni kama wameona maua. Wakatafuta. Upande wangu hayakuwepo bado. Kushoto yalikuwepo.

Benitha aliuliza alipo Clémence. Nikasema amepumzika. Alisikia kikohozi kutoka ndani, akageuza kichwa, nami nikaendelea kueleza.

Jumatano, 29 Oktoba

Clémence anakohoa.

Jumatatu, 3 Novemba

Clémence alianguka kwenye njia ya kisima. Waliomwona ni wanawake wa Kikongo. Byamungu ndiye aliyetafuta pikipiki, ndiye aliyekaa nyuma yake akimshikilia hadi kituo cha afya, kwa sababu mimi nilikuwa nimekwenda kuazima sumu ya wadudu. Nilipofika walikuwa tayari wamemwandikia karatasi ya kwenda Mbarara. Byamungu aliniambia tu, "Ni mwepesi sana, moniteri. Nilikuwa naogopa upepo."

Alhamisi, 6 Novemba. Mbarara

Naandika hospitalini, kwenye benchi la nje. Nitaandika kama ilivyokuwa. Daftari hili halitasomwa tena na Benitha.

Clémence amelazwa tangu jana. Wamempiga picha ya kifua. Dada yake Cansilde amekuja kutoka Rubondo, upande mwingine wa makazi yetu, na sufuria na shuka. Hapa mgonjwa huja na mtu wake wa kumhudumia. Cansilde naye ana Kirundi tu. Kwa hiyo mimi ndiye mdomo wa wote wawili.

Daktari ni kijana wa hapa, mwenye miwani, mpole. Kiswahili chake ni cha kambi ya polisi, kimechanganywa na ssebo kwa bwana na nyabo kwa bibi. Anasema baba yake alikuwa askari. Alishika ile picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Ssebo, hii kifua siyo nzuri," alisema. "Iko madoa mengi, pande yote mbili. Inafanana TB, lakini makohozi yake haionyeshi TB. Sasa uliza nyabo: alisha ingia kwa pango? Ao kwa nyumba yenye popo iko? Ao banda ya kuku?"

Alisema popo. Nilisikia vizuri.

Nilifikiri mambo mengi kwa muda mfupi. Nilifikiri juu ya redio na matangazo yake ya Ebola, jinsi watu hapa wakisikia neno popo wanavyosogea mbali. Nilifikiri watatufungia kwenye hema, mimi, yeye na dada yake. Nilifikiri kanisa litafungwa na Jean-de-Dieu ataulizwa nani alimruhusu. Hizo ndizo nilizojiambia. Lakini ya kwanza kabisa, kabla ya zote, ilikuwa ile picha yangu katikati ya majani, na barakoa iliyokuwa puani mwangu siku ile.

Nikamgeukia Clémence, nikamwambia kwa Kirundi, "Anauliza kama umefanya kazi penye vumbi."

Alikusanya pumzi. Ilimchukua muda. Akasema, "Mwambie popo. Mwambie nilipanda darini siku tatu, na tangu hapo kifua hakijafunguka."

Nikamwambia daktari, "Anasema yeye ni mkulima. Ni vumbi la shambani."

"Popo hakuna?"

"Hakuna."

Akaandika. Kalamu yake ilikuwa ya bluu. "Basi tutaanza dawa ya TB, tuone," alisema. Clémence alikuwa akinitazama mdomo. Sikujua kwa nini anatazama mdomo wangu wala si macho.

Jumapili, 9 Novemba

Nimerudi Juru. Cansilde amebaki naye. Shamba halipaliliwi na mtu.

Maua upande wa popo yameanza sasa, wiki mbili nyuma ya mnandi.

Ijumaa, 14 Novemba

Mvua siku tano mfululizo. Upande wa popo unalala. Mashina ni marefu na laini, hayajibebi. Jana nilisimamisha safu mbili kwa vijiti. Leo zimelala tena.

Jumatatu, 17 Novemba

Nilikwenda Mbarara. Amekonda zaidi. Dawa zinamtapisha. Hakuniambia neno, nami nikasema ni uchovu. Daktari hakuwepo. Nilikaa saa mbili nikarudi na gari la mwisho.

Njiani nilijiambia kwamba TB huchukua muda. Nimejiambia hivyo kila siku.

Alhamisi, 20 Novemba

Mvua. Majani ya chini upande wa popo yameoza. Upande wa mnandi una maganda, mafupi, yamejaa. Nimeyahesabu kwenye miche kumi: mnandi, kumi na nne kwa kila mche, popo, sita. Nilihesabu tena nikianzia upande mwingine. Sita.

Jumanne, 25 Novemba

Anne alikwenda Mbarara juzi kumpelekea Clémence ugali wa muhogo na samaki. Hakuniomba ruhusa. Leo alasiri amekuja nyumbani, hakuketi. Byamungu alikuwa nyuma yake, anatazama chini.

"Baba Élyse," alisema Anne, "mi nilikuta mama anakufa. Alinishika mukono. Hajui Kiswahili, lakini alisema 'popo, popo', akaonyesha juu, akaonyesha kifua. Nikaita docteri. Nikamwambia yote: kanisa, dari, siku tatu, magunia saba."

Nilimsogezea kigoda, akakiacha.

"Docteri aliniuliza kama bwana yake hakujua. Nikasema anajua, njo alimutuma. Wewe ulimwambia nini ule mutu?"

Byamungu alimgusa bega. "Anne, twende."

"Niache niulize."

Nikasema, "Nilimwambia vumbi la shambani."

Anne hakupiga kelele. Alivuta kitenge chake, akakifunga upya kiunoni, akatoka. Byamungu alibaki kidogo. Nilitaka aniseme, ningepata cha kumjibu. Alisema, "Gari ya asubui inatoka saa kumi na mbili," akamfuata mkewe.

Jumatano, 26 Novemba. Mbarara

Daktari aliniita kwenye ukumbi, si kwenye wodi.

"Ssebo, hii siyo TB. Ni kuvu. Inaota kwa mavi ya popo, na kwa mavi ya ndege pia, mahali imefungwa, upepo hakuna. Vumbi yake ikiingia kwa mapafu, inaota huko. Dawa yake iko. Lakini tumepoteza wiki tatu."

"Atapona?"

"Ataishi, nafikiri. Mapafu yake, sijui." Alivua miwani. "Mimi nilikuuliza wewe. Nilisema popo."

"Ulisema."

"Siku ile bibi yako alisema nini?"

Kulikuwa na watu wamepanga mstari ukutani na bakuli zao, wakisubiri uji. Nilitazama bakuli.

"Alisema popo," nilimjibu.

Alivaa miwani tena. Nilidhani atanifukuza. Alisema tu kwamba kuanzia leo akitaka kumuuliza mgonjwa jambo atamwita muuguzi mmoja wa ghorofa ya juu ambaye mama yake ni Mrundi, na mimi nisisumbuke.

Niliingia wodini. Cansilde aliinuka akatoka bila kunisalimia, maana yake ameshaambiwa. Niliketi kwenye kigoda chake. Clémence alikuwa na mpira wa hewa puani. Nikaanza kueleza: redio, hema, kanisa. Aliinua kidole nikanyamaza.

"Neno popo nalijua," alisema. "Byamungu amelisema uani kwetu tangu Septemba. Siku ile nililisikiliza. Nilisikiliza mpaka ukafunga mdomo. Halikutoka."

Nikamwambia nilikuwa naogopa.

"Mimi pia," alisema.

Akageukia ukuta. Nilikaa hadi walipotutoa.

Jumapili, 30 Novemba

Habari imefika kila mahali. Baada ya misa vijana walipanda juu ya kanisa na moshi wa majani mabichi, wengine wakasubiri chini na fimbo. Popo walitoka mchana, vipofu wa jua, wakianguka. Jean-de-Dieu hakuwazuia. Waliwakusanya kwa koleo na kuwamwagia mafuta ya taa. Mmoja alikuwa bado na kitoto kimeng'ang'ania tumboni.

Mwanaume mmoja alinipa mkono akaniambia pole, wametulipizia kisasi.

Popo walikaa darini mwao miaka yote, hawakumtuma mtu apande kwao. Kule ziwani minandi wanaanika mabawa, nao mavi yao, daktari amesema, yangeweza kufanya vile vile. Tofauti ni kwamba tuliyakwangua nje, penye upepo. Nimeandika sentensi hii mara mbili na kuikata mara mbili, kwa sababu nilikuwa natafuta namna ya kuifanya iwe kosa la dari.

Alhamisi, 4 Desemba

Cansilde amempigia simu Anne. Clémence amekula, ameketi mwenyewe. Simu imepigwa kwa Anne.

Jumamosi, 13 Desemba

Tumevuna. Nasema tumevuna: mimi, Byamungu na Anne. Sikuwaomba. Walikuja na mikeka yao jua halijapanda, wakaanza upande wa popo, ulio mgumu, kwa sababu mashina yamelala na kusokotana. Anne hakusema nami. Aling'oa safu baada ya safu na kutupa kando maganda yaliyooza.

Benitha alifika saa nane na mizani. Popo: kilo kumi na tisa. Mnandi: kilo thelathini na moja.

Nilisubiri Byamungu acheke. Nilikuwa nimejiandaa tangu Novemba. Alichukua punje za upande wake, akazipuliza makapi, akazirudisha kwenye gunia.

"Bado ile ya popo ingefaa mahindi," alisema. "Mahindi inapenda majani."

Alinisaidia kutafuta heshima kwenye mavi ya popo. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia dakika ile, na ilipopita sikuona mtu mwingine hapo wa kumchukia isipokuwa mimi.

Benitha alijua habari zote. Aliniita kando. Ni msichana wa miaka thelathini, alikuwa akitazama viatu vyake.

"Mzee Pontien, zile barakoa mbili. Moja ilikatika. Ile nyingine?"

"Niliivaa mimi."

Aliandika kwenye karatasi yake, sijui nini. Mwalimu wa kijiji ni Byamungu. Wa Rugaaga watakuja kwake mwezi Februari.

Ijumaa, 19 Desemba

Clémence ametoka hospitali. Nilikwenda na pikipiki kumchukua. Nilikuta kitanda kimetandikwa kwa ajili ya mtu mwingine. Muuguzi, yule wa mama Mrundi, aliniambia dada yake amemchukua asubuhi, wamekwenda Rubondo. Vidonge ni vya miezi kadhaa. Nikauliza kama aliacha ujumbe. Alisema hapana, kisha akanionea huruma akasema labda alisahau.

Alhamisi, 25 Desemba

Noeli. Kanisa halinuki tena. Watu wamelisifu sana.

Ijumaa, 2 Januari 2026

Nimekula maharage ya mnandi. Ni mazuri.

Jumapili, 11 Januari

Nimekwenda Rubondo kwa baiskeli na kilo kumi na tano za maharage, yote ya upande wa kushoto.

Cansilde alinipokea gunia, akanionyesha kigoda cha nje. Clémence alikuwa ameketi kwenye mkeka kivulini, anachambua mbegu za msimu ujao. Amepata mwili kidogo usoni. Akisema maneno sita hupumzika, kisha husema mengine sita. Tulizungumza habari za mvua. Nilimwambia matokeo, kilo kwa kilo. Alisikiliza kama zamani alivyokuwa akinisikiliza nikirudi kutoka mashambani na kofia yangu, na nikajidanganya kidogo.

Nikamwambia nimekuja kumchukua. Nikamwambia sitamtuma tena popote. Nimerekebisha paa, nimepata kitanda, si mkeka. Nikasema niliyofanya kule wodini kwa maneno kamili, bila redio wala hema: kwamba aliniambia popo nami nikasema vumbi, kwa sababu ya aibu, na kwamba ningemwacha afe nikiona aibu.

Aliendelea kuchambua. Mbegu mbovu aliziweka kwenye kifuniko cha sufuria.

"Nimekusamehe," alisema. "Padri alikuja, nikamwambia nimekusamehe, na ni kweli." Akapumzika. "Lakini sirudi."

"Kama umenisamehe?"

"Kifua changu hakitakuwa kama zamani, wameniambia. Nitaugua tena." Akapumzika tena, mkono juu ya mbegu. "Siku hiyo nataka kuwa karibu na mtu atakayesema nilichosema."

Cansilde alitoka na chai. Vikombe vilikuwa viwili, vyao. Alipoona bado nipo alirudi ndani kuleta cha tatu, na mimi nikainuka kabla hajakileta.

Mvua ilinikuta kwenye kilima cha kurudi Juru. Nilishuka nikasukuma. Byamungu alikuwa barabarani anafungua mfereji ili maji yasiingie shambani kwangu, maana la kwake liko juu, halihitaji. Aliniuliza mama Élyse anasema nini.

Nilimwambia. Nilimpa maneno yote, pamoja na yale ya mwisho, kwa Kiswahili, polepole, nisipunguze. Aliegemea jembe akasikiliza hadi mwisho.

"Amesema vizuri," alisema, akaendelea kuchimba.